Adui akishaokoka anabaki na nini? Uzi maalumu wa Gru na Despicable Me 2

Mzee wa Flashi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Tahadhari kabla ya yote: uzi huu ni wa katuni. Anayeona katuni ni za watoto apite kimya kimya, nyuzi za siasa ziko tele zinamsubiri.

Sisi tuliokulia vibanda umiza tulijua watu wawili tu kwenye muvi, steringi na adui. Steringi hafi. Adui lazima afe, tena afe vibaya, na umeme ukikatika kabla hajafa watu wanadai hela zao mlangoni. Habari ya adui kutubu haikuwepo. Adui akitubu mapema, dakika arobaini zilizobaki mnaangalia nini?

Swali hilo limenikaa kichwani tangu Jumamosi. Wanangu wawili wameing'ang'ania Despicable Me 2, ile ya mwaka 2013. Nimeiona mara nne kwa lazima, na ya tano kwa hiari yangu, wenyewe wamelala. Nikagundua kwamba waandishi wake, Cinco Paul na Ken Daurio, walikuwa na shida ileile ya kibanda umiza. Kwenye ile ya kwanza, ya 2010, walishamaliza kila kitu. Gru jambazi, mwenye pua kama mdomo wa kunguru, anachukua watoto watatu yatima, Margo, Edith na Agnes, ili awatumie kwenye mpango wake wa kuiba mwezi. Mwezi anauiba kweli, lakini watoto nao wanamuiba yeye. Mwisho jamaa ni baba wa watu, anasoma hadithi za kulalia. Taa ziwashwe, twende nyumbani. Mtu kama huyo utamtungia sehemu ya pili ya nini?

Wangeweza kumrudisha kwenye uovu halafu atubu tena, kama mlevi wa mtaani anayeokoka kila mkutano wa injili. Hawakufanya hivyo. Walimpa biashara ya jamu.

Hapo ndipo nataka tuongee. Gru ametundika daluga za ujambazi, na lile handaki lake la silaha chini ya nyumba limekuwa kiwanda cha jamu na jeli. Vile vijamaa vya njano, Minions, sasa vinachemsha matunda. Na jamu yenyewe mbaya! Hakuna anayeipenda, hata wanaoipika. Dr. Nefario, mzee wake wa maabara, anavumilia weee, mwisho anamwambia bosi wake kistaarabu kabisa kwamba amekumbuka kazi ya uovu na amepata ajira kwingine. Wanamuaga kwa heshima zote, mizinga 21 ya bunduki ya ushuzi. Mzee analalamika kwamba yeye amehesabu 22.

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Kuna jamaa mtaani kwetu aliacha zile kazi zake za usiku akafungua genge la nyanya. Kila mtu alimsifu. Mchungaji alimsimamisha mbele ya watu. Nyanya hakuna aliyenunua, zilioza. Halali ina thawabu ila haina uhakika wa wateja, na huyu Gru ndiye mtu wa kwanza kwenye katuni kunionyesha hilo bila kunihubiria.

Kwa wasioiona, kisa kwa ufupi: maabara nzima ya siri huko Aktiki inanyakuliwa kwa sumaku kubwa, na ndani yake kuna dawa iitwayo PX-41 inayogeuza kiumbe chochote kuwa zimwi la zambarau lenye meno. Shirika la siri la kupambana na maadui, AVL, linamtuma wakala Lucy Wilde akamteke Gru. Anampiga shoti kwa rangi ya mdomo na kumtia kwenye buti. Wanataka awasaidie kumpata mwizi, kwa kuwa anawajua wenzake. Anakataa, ana jamu yake. Ni mpaka Nefario aondoke ndipo anakubali. Wanajificha kwenye jumba la maduka, wanafungua duka la vikeki, na mtuhumiwa ni mmoja wa wafanyabiashara wa humo ndani.

Adui wenyewe (nafichua, ina zaidi ya miaka kumi hii) ni Eduardo, mwenye mgahawa wa Kimeksiko, ambaye zamani akiitwa El Macho. Alijifanya amekufa kwa kumpanda papa akiwa na baruti kilo zaidi ya 100 na kujirusha ndani ya volkano. Sasa tazama: huyu naye ana jiko, naye ameacha ujambazi machoni pa watu. Lakini yeye hajatubu, amejificha tu. Na mambo yake yanakwenda! Anaingia dukani kwa Gru na kuagiza vikeki 200 vyenye bendera ya Mexico kwa ajili ya sherehe yake. Aliyetubu jamu yake inadoda, asiyetubu anaagiza keki mia mbili.

Na mwisho, mazimwi (Minions wa Gru waliotekwa na El Macho na kudungwa PX-41) yakiwa yamejaa, dawa ya kuyarudisha hali yake inapatikana. Wanaichanganya kwenye nini? Kwenye jamu. Ile ile ambayo hakuna aliyetaka kuipaka kwenye mkate wanaipakia kwenye bunduki na kupulizia jeshi zima.

Mimi nasema hapo ndipo muvi yote ilipo. Penzi, volkano, papa, vyote ni chachandu. Mnasemaje?

---

Komenti Pekee

Nimekaa paleee na karanga zangu.

---

Msela wa Donholm

Mzee, hiyo ya nyanya imenimaliza. Lakini wacha nikupinge.

Wewe umeona jamu, mimi nimeona duka la wanasesere. Filamu ina dakika 98. Toa zile ambazo Minions wanapigana makofi, wanavaa mavazi ya zimamoto, wanaimba, wanaota, wanaramba aiskrimu, utabaki na nini? Gru ni mgeni kwenye filamu yake. Na hesabu haidanganyi: iligharimu dola milioni 76, ikaingiza kama milioni 970 duniani kote. Universal, kampuni iliyoisambaza, wenyewe walitamba kwamba haijawahi kutokea filamu iliyowaletea faida kama hiyo katika miaka yao mia moja. Miaka miwili baadaye wakatoa Minions yenyewe kama yenyewe, ikapita bilioni moja. Kwa hivyo hii ya pili ilikuwa tangazo refu la ile iliyofuata.

Kitu kingine. Bosi gani huyu ambaye wafanyakazi wake wanatekwa kwa makumi na hajui? El Macho anawaita na gari la aiskrimu, wanapiga kelele "gelato!" na kumfuata kama kuku, wanapelekwa kisiwani kuota jua huku wakidungwa sindano mmoja mmoja. Gru yuko mjini anauza vikeki na kumwazia Lucy. Hata hesabu ya asubuhi hafanyi? Kwetu msimamizi wa mjengo anajua ni kibarua gani amechelewa dakika kumi.

---

Mzee wa Flashi

Mkuu, hilo la kutohesabu wafanyakazi sina jibu. Umenikamata.

Ila la wanasesere nakataa nusu. Pesa ni kweli, lakini milioni 76 kwa katuni ya Hollywood ni bei ya gengeni. Monsters University, iliyotoka majira yaleyale, iligharimu karibu milioni 200. Hawa wa Illumination, studio iliyoitengeneza, walibana, kazi ya kuchora yote ikafanyika Paris. Mtu anayebana bajeti namna hiyo halafu anatumia dakika nzima kumwonyesha mwanaume mzima anaogopa simu, huyo hakuwa na haraka ya kuuza midoli.

Mnaikumbuka hiyo ya simu? Gru anataka kumpigia Lucy amwombe watoke pamoja. Mtu aliyeiba mwezi! Anaiangalia simu, anajipa moyo, anaizunguka, mwisho anaichoma moto. Inaunguza na ofisi, Minions wanakuja na ving'ora vyao. Na tumeshaonyeshwa sababu: utotoni alimgusa kwa bahati mbaya msichana mmoja aitwaye Lisa, watoto wote wakamkimbia kama mwenye ukoma. Hiyo ndiyo hofu pekee ambayo silaha zake zote hazikuwahi kuifikia.

---

Fundi Sauti

Nimeona mada yangu. Mimi ni mtu wa studio, muvi naisikiliza kabla ya kuiangalia, basi niwape vitu ambavyo macho hayaoni.

El Macho mnayemsikia si yule aliyekusudiwa. Al Pacino ndiye alikuwa amepewa kazi hiyo, tena alishaifanya. Mei 2013, zikiwa zimebaki wiki chache tu, akajitoa kwa kutoelewana kuhusu namna ya kumwigiza. Akaletwa Benjamin Bratt. Sasa fikiria: picha zimeshachorwa, mdomo wa El Macho unafunguka na kufunga kwa pumzi ya Pacino, na wewe unatakiwa uweke sauti yako humo ndani kama mtu anayevaa suti iliyoshonewa mwingine. Bratt aliiingia. Msikilize anavyozivuta irabu, utadhani ilishonwa kwake.

Sauti nyingi za Minions ni za Pierre Coffin, mmoja wa waongozaji wawili, mwenzake ni Chris Renaud. Coffin ni Mfaransa, lakini mama yake ni Nh. Dini, mwandishi mkubwa wa riwaya wa Indonesia. Ndiyo maana ukitega sikio kwenye ile michanganyo yao, katikati ya Kihispania na Kiitaliano, unasikia maneno ya Kiindonesia. Mwanangu alidhani ni lugha ya kutunga tupu. Nikamwambia hapana, kuna mtoto wa mtu humo anachekesha dunia kwa lugha ya mama yake.

Na hili la mwisho nililigundua kwa kuchelewa sana. Lucy ni sauti ya Kristen Wiig. Kwenye ile ya kwanza Wiig alikuwepo, lakini kama nani? Kama Miss Hattie, yule mama wa kituo cha yatima aliyekuwa akiwafungia watoto kwenye sanduku la aibu. Sauti iliyowatesa Margo, Edith na Agnes ndiyo iliyorudi kuwa mama yao. Sijui kama ni makusudi au ni kubana bajeti. Mimi nywele zilinisimama.

---

Komenti Pekee

Fundi umenifanya niache karanga.

---

Binti Tanga

Mie si mchangiaji, nasomaga tu na kupita. Ila kaka Fundi umegusa kidonda, ngoja niseme.

Jamani, nyote mmeongea jamu, pesa, sauti, hakuna aliyesema kwamba muvi hii ni ya mama wa kambo. Toka enzi za paukwa pakawa, mama wa kambo kwetu ni yupi? Ni yule anayempa mtoto wa mwenzie ukoko na kuwapa wake wali. Anayemtuma kisimani usiku. Kwenye hadithi za bibi yangu hajawahi kutokea hata mmoja mwenye nafuu. Na za Wazungu hivyohivyo, kioo ukutani na matofaa ya sumu. Sasa hii inakuja muvi ambayo mtoto anamtaka mama wa kambo kuliko hata baba anavyomtaka mke!

Mie niliolewa na mjane, nikawakuta wawili. Mkubwa alikuwa na miaka tisa. Hakunitukana wala hakuninunia, alikuwa ananiita anti, basi. Miaka miwili ya anti. Ikafika siku ya wazazi shuleni kwao, darasa zima limepewa shairi la mama likariri. Hakuna aliyefikiria kwamba kuna watoto mle ndani mama zao wako makaburini. Alisimama akalisema lote bila kukosea neno, huku anaangalia ukuta, kama mtu anayesoma maelekezo kwenye chupa ya dawa. Mie nimekaa mstari wa tatu, sijui nipige makofi au niangalie chini.

Sasa kuna pale Agnes anamfanyia Gru mazoezi ya shairi lake la Siku ya Mama. Analisoma kavu, pwaa, halina hata punje ya chumvi. Kisha anasema yeye si wa kulisema hilo, hana mama. Gru anahangaika, anamwambia mbona ulishiriki sherehe za maveterani na hujawahi kupigana vita. Nilitaka kuinuka nitoke. Kijana wangu akacheka. Akacheka kweli, akanigeukia akaniambia: "Kama mimi siku ile." Ndiyo mara ya kwanza tumeiongelea siku ile.

Na mwisho wa muvi Agnes anasimama kwenye harusi, shairi lilelile, maneno yaleyale mengi, ila sasa analisema kama anazungumza na mtu. Mwishoni ameongeza jina la Lucy. Basi. Anaitwaga anti Lucy au mama Lucy, kila nyumba itajua yenyewe. Mie bado anti, na sina neno.

---

Mzee wa Flashi

Dada Binti Tanga, nimesoma mara mbili. Hii nilipita juu yake mara tano zote. Nilikuwa nahangaika na jamu.

---

Dada wa Muscat

Salaam kwenu. Naandika huku nakunja nguo, mnisamehe.

Binti Tanga, Mungu akuwekee huyo kijana. Lakini mimi nina ugomvi na huyo Lucy. Si yeye, waliomwandika. Anaingia kwa kishindo: anateka watu, anaendesha gari mpaka chini ya bahari, ana ngumi, ana vichekesho vyake mwenyewe. Nikasema alhamdulillahi, tumepata mwanamke. Halafu kidogo kidogo anageuzwa. AVL wanamhamishia Australia, kazi yake, cheo chake, yuko ndani ya ndege. Anamwaza Gru, anaruka kutoka kwenye ndege. Anaruka anakwenda wapi? Kwenye sherehe ya El Macho. Anafanya nini? Anakamatwa, anafungwa juu ya papa na baruti, akisubiri mwanaume aje. Yule yule aliyemtia mwanaume kwenye buti dakika ya kumi!

Mimi nimefanya kazi majumbani mwa watu miaka kumi na moja. Mwanamke anayejua kazi yake namna ile haachii ajira hewani bila hata kupiga simu kwa bosi.

---

Msela wa Donholm

Haha, dada wa Muscat amepiga palepale. Na huyo Gru naye anasubiri mpaka roketi iko njiani kuelekea volkano ndiyo amuombe watoke pamoja. Simu alishindwa, volkano akaweza.

---

Dada wa Muscat

Hilo ndilo nililolipenda lakini! Wanaume wengi mpaka waone kifo.

---

Chumvi ya Kojani

Nyie mnaongea mapenzi ya wakubwa, mie nimekuja kwa ajili ya Margo. Nina mabinti watatu, mkubwa kaingia kidato cha pili, basi mjue hali yangu.

Yule kijana Antonio, mtoto wa El Macho, koti la ngozi, nywele za kumwagia mafuta, anatembea kama kamba imekatika. Kamtazama Margo mara moja, mtoto kapotea. Gru kaona. Gru kageuka rangi. Na ndipo anaposhikilia kwamba Eduardo ndiye El Macho, na wakubwa zake wa AVL hawamwamini, wanamkamata Floyd muuza mawigi. Sasa hebu niambieni: Gru alimjua adui kwa akili ya kijambazi, au kwa uchungu wa baba aliyeona binti yake anashikwa mkono? Mie nasema la pili. Ushahidi wote alikuwa hana. Alikuwa na chuki tu. Bahati yake chuki ilikuwa sahihi.

Halafu kwenye sherehe Antonio anamwacha Margo na kwenda kucheza na msichana mwengine. Gru anatoa bunduki ya kugandisha, anamgandisha palepale, anaondoka na binti yake. Ukumbi mzima sebuleni kwangu, yaani mie peke yangu, ulisimama ukapiga makofi. Mke wangu akaniuliza, "Wewe unampigia makofi jambazi?" Nikamwambia hapo si jambazi, hapo ni baba.

Mleta uzi unasema uovu aliuacha. Hakuuacha wote. Aliubakisha kidogo wa dharura.

---

Mzee wa Flashi

"Uovu kidogo wa dharura." Mkuu wa Kojani, naomba niibe hiyo.

Na umenijibu swali la kichwa cha uzi bila kujua. Nilidhani muvi inauliza aliyetubu atakula nini. Kumbe inauliza pia zile mbinu za zamani zinakwenda wapi. Nefario anarudi nazo kwa El Macho, ndiye anayempikia ile PX-41. Lakini akiambiwa kwamba sasa ni zamu ya kina Gru na wale watoto, anageuka, anakuja na dawa ya kuponya. Mzee hakuwahi kuokoka hata siku moja muvi nzima. Ana familia tu.

---

Mpita Njia 254

Samahani wadau, nitie mchanga kwenye pilau. Hakuna aliyeliona suala la nani anapewa uovu? Aliyetubu ni Mzungu asiye na nchi, lafudhi yake haina ramani. Asiyetubu ni Mmeksiko mwenye barakoa ya mieleka, na shati likipasuka kifuani kuna mchoro wa bendera. Mshukiwa mwingine muuza mawigi, Mwasia. Jumba zima la maduka, na macho yanaenda kwa hao wawili. Sisi ambao kwenye filamu zao huwa ni wabeba mizigo au waasi wenye bunduki tungepaswa kuona hilo upesi.

---

Fundi Sauti

Umesema kweli, na Bratt kuwa na asili ya Peru upande wa mama hakufuti kitu, mchoro ulishachorwa. Ila El Macho ana kitu kimoja ambacho adui wa kutungwa kwa dharau huwa hana: anafurahi. Anacheza, anakula, anapenda watu waje nyumbani kwake, anamwalika Gru wafanye kazi pamoja kwa mapenzi kabisa. Ni Gru anayekaa kwenye sherehe yake amenuna, amevaa kofia iliyotengenezwa kwa chipsi za mahindi, anaila kofia yenyewe. Kati ya wawili hao, wewe ungetaka kukaa meza ya nani?

---

Mpita Njia 254

Meza ya El Macho. Ndiyo inayonikera.

---

Komenti Pekee

Mbona hakuna aliyegusa wimbo? "Happy" wa Pharrell Williams ulitokea humu humu. Unapigwa pale Gru anaamka asubuhi baada ya Lucy kumwokoa na yule mwanamke wa kutafutiwa na jirani, aliyetaka kumvua wigi mbele ya watu hotelini. Lucy alimdunga sindano ya usingizi, wakamfunga juu ya gari kumrudisha kwake kama godoro. Asubuhi jamaa anatembea mtaani anasalimia kila mtu.

Ulishika namba moja Marekani wiki kumi mwaka 2014. Tehran vijana walikamatwa kwa kucheza huo wimbo kwenye video. Tuzo ya Oscar haukupata, mwaka ule Frozen ilizoa ya wimbo na ya katuni bora zote mbili. Harusini kwa kaka yangu MC aliupiga mara tatu.

---

Msela wa Donholm

Komenti Pekee umeandika zaidi ya sentensi moja. Tuweke kumbukumbu.

---

Binti Tanga

Nawasoma. Kijana amekuja kusimama nyuma yangu, kaona jina la Agnes, kauliza naandika nini. Nimemwambia nabishana na watu kuhusu katuni. Kasema niwaulize: Gru na Lucy waliooana baada ya miadi 147, ndani ya ile miadi Minions walibaki na nani nyumbani?

---

Chumvi ya Kojani

Mwambie nyumba ina bibi. Mama yake Gru yupo hai, mkali vilevile.

---

Mzee wa Flashi

Wakuu, nimeirudia leo ya sita, makusudi kabisa, nihesabu ile mizinga ya Nefario nione kama kweli ni 21 au mzee alikuwa sahihi. Nimefika ya kumi na nne, mdogo wangu wa mwisho akaongeza ya kwake kwenye kochi. Hesabu yote imevurugika. Naanza upya.